Tupewe Kikokotoo Kisichoficha Senti

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli tupu. Lakini wahenga hao hawakuwa na vikokotoo. Wangekuwa navyo, naamini wangeongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, tena mchana peupe, ikiwa mwenye daftari hajui mashine yake ilikata hesabu wapi.

Walimu wetu wapendwa, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na wewe msomaji uliyefungua gazeti hili kutafuta vichekesho tu, naomba mnisikilize. Maoni yangu ni haya: kila tarakilishi ya maabara yetu iwekwe lugha ndogo ya kukokotoa iitwayo bc, na sisi wanafunzi tufundishwe kuitumia kabla hatujatoka shuleni. Sisemi hivyo kwa sababu ni kitu kipya. La hasha! Lugha hiyo ina umri wa kuwa mzazi wetu. Nasema hivyo kwa sababu ni kikokotoo ambacho hukuuliza ukitaka kikate wapi, badala ya kukata kimya kimya na kukuonyesha kioo kinachong'aa.

Hebu kwanza niwaeleze ni kitu gani, maana najua kuna watakaouliza, "Sasa hiyo bc ni app gani tena?" Si kitu cha kubonyeza picha. Ukiifungua unaona kioo kitupu na mahali pa kuandika, basi. Hakuna vitufe wala rangi. Unaandika hesabu yako kwa mstari mmoja, unabonyeza Enter, na jibu linaandikwa mstari wa chini. Ukichoka unaandika quit, nayo inakwenda zake. Inaitwa lugha kwa sababu haikomei kwenye kujumlisha na kutoa. Unaweza kuyapa majina mambo unayoyahesabu, ukaitungia kanuni yako mwenyewe, na ukaiamuru irudie kazi mara elfu bila kulalamika. Isitoshe, haina idadi maalum ya tarakimu. Tarakimu zitakazokaa ni zile ambazo nafasi ya tarakilishi inaweza kubeba.

Ilitoka wapi? Huko Marekani, katika maabara ya Bell, walikuwepo Robert Morris na mwanamke mmoja aitwaye Lorinda Cherry. Wawili hao ndio walioandika dc, kikokotoo cha mezani kilicho miongoni mwa programu kongwe kabisa za mfumo wa Unix. Kikokotoo hicho kilikuwa na tabia ngumu: ulipaswa kuandika namba zote kwanza, kisha alama ya kujumlisha ifuate nyuma. Kwa hiyo ikatengenezwa bc, ambayo inakubali hesabu kama tunavyoiandika ubaoni, na ikatoka pamoja na toleo la sita la Unix mwaka wa 1975. Mwaka wa 1991 Philip Nelson alitoa toleo la GNU, ambalo yeyote anaruhusiwa kulinakili bila kulipa hata ndururu. Wasichana wa shule hii mnaoambiwa kwamba tarakilishi ni ya wavulana, lishikeni hilo jina la Lorinda Cherry.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Tuchukue mchezo wa bao, ule wa Pwani wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Tuseme unaweka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, ukizidisha mara mbili hadi shimo la mwisho. Kete zote ni ngapi? Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukitoa 1, yaani 4294967295. Hizo ni tarakimu kumi, na kikokotoo cha mfukoni kinaziweza, ingawa kwa jasho. Haya, unganisha mabao mawili ili yawe mashimo 64. Kikokotoo kitakuandikia 1.844674407 mara 10 kwa kipeo cha 19. Yaani kimekuonyesha tarakimu kumi za kwanza na kumeza kumi nyingine. Lakini ukiiandikia bc hivi:

2^64-1

inakujibu:

18446744073709551615

Zote ishirini, hakuna aliyebaki nyuma. Na kama unadhani kikokotoo kimezificha tu hizo tarakimu wala hakijazimeza, kijaribu. Kiulize 2 kwa kipeo cha 64, toa mabano ya 2 kwa kipeo cha 64 toa 1. Hata mtoto wa darasa la nne anajua kwamba kitu ukikiondolea kitu kilichopungua moja, jibu ni moja. Vikokotoo vingi vya mfukoni vitakujibu sifuri. bc itakujibu 1.

Najua kuna anayesema moyoni, "Haya yote ni maneno. Mtu wa Mweiga ana haja gani na tarakimu ishirini?" Ni swali zuri, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Haja yetu si ukubwa wa namba. Haja yetu iko upande wa pili wa nukta, kule kwenye senti.

Sisi ni watu wa Nyeri. Mwenzako akitoka Tetu, Othaya au Mathira, ada yake ya shule huenda imetoka kwa kahawa au majani chai. Hapa kwetu Mweiga kuna maziwa, viazi na kabeji. Mazao haya yote mwishowe hugeuka kuwa hesabu moja: pesa zilizopatikana zigawanywe kwa kilo au lita zilizoletwa, kisha kila mtu apewe chake kulingana na alicholeta. Hesabu ya kugawanya ndiyo yenye mkia. Kujumlisha hakuna mkia, na kuzidisha mkia wake huisha, lakini kugawanya kunaweza kuendelea hadi mwisho wa dunia.

Tuchukue mfano, na ni wa kubuni, msije mkaanza kutafuta ni chama kipi. Tuseme chama cha ushirika kimepata shilingi 7,000,000 za kuwagawia wakulima, na wakulima walileta kilo 83,000 za kahawa. Kila kilo itapata ngapi? Katika bc kuna neno moja muhimu, scale, ambalo mimi nitaliita kikomo. Ndilo linaloiambia mashine iache tarakimu ngapi baada ya nukta inapogawanya. Usipoiambia lolote kikomo ni sifuri, nayo inakupa namba nzima tu. Tazameni:

scale=0 inatoa shilingi 84 kwa kilo, na zinabaki shilingi 28,000.
scale=1 inatoa 84.3, na zinabaki 3,100.
scale=2 inatoa 84.33, na zinabaki 610.
scale=3 inatoa 84.337, na zinabaki 29.
scale=4 inatoa 84.3373, na zinabaki shilingi 4 na senti 10.

Hesabu ni ile ile, pesa ni zile zile, kilo ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali pa kukatia tu. Mkulima aliyeleta kilo 1,250 akilipwa kwa shilingi 84 atapata 105,000. Akilipwa kwa 84.33 atapata 105,412.50. Tofauti yake ni shilingi 412 na senti 50. Ni daftari ngapi hizo? Ni nauli ya siku ngapi kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa anayetoka mbali? Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kikitoboka hupungua haba na haba vile vile.

Hapa nieleweke vizuri. Sisemi kwamba kuna mtu ameiba. Zile 28,000 zinaweza kuandikwa vizuri kabisa katika hesabu za mwaka unaofuata. Ninachosema ni kwamba mkulima ana haki ya kuuliza swali moja: "Mlikatia wapi?" Na hawezi kuliuliza ikiwa hajui kwamba kuna kukata. Shosho akiambiwa "mashine ndiyo imesema", atanyamaza na kwenda nyumbani. Mjukuu wake aliyesoma hadi Kidato cha Tatu naye atanyamaza, kwa sababu hata yeye amezoea kunakili kinachoonekana kwenye kioo. Je, hiyo ni elimu?

Msidhani naisifu bc kana kwamba ni malaika. Hapana. Nayo hukata. Tena haikadirii kwenda juu kama tunavyofundishwa darasani. Ukiiambia scale=4 kisha uandike 2/3, haikupi .6667 bali .6666. Ukiiambia scale=20 kisha uigawanye 1 kwa 3 na kuzidisha tena kwa 3, haikurudishii 1. Inakupa nukta na tisa ishirini zilizojipanga kama wanafunzi wa gwaride. Wengine wanaona huu ni upungufu. Mimi naona ni ukweli. Imekata pale pale ulipoiamuru, wala haikupaka rangi kidonda ili uone ngozi nzuri.

Tabia hii ya kukata inaweza kuleta balaa ikiachwa bila mlinzi. Huko Kanada, Soko la Hisa la Vancouver lilianzisha kipimo cha bei za hisa mnamo Januari 1982, kikaanzia pointi 1,000. Kila hisa zilipouzwa, tarakilishi ilihesabu kipimo upya na kukata kila kilichozidi tarakimu tatu baada ya nukta. Kukata kumoja ni kama punje ya mchanga. Lakini ilikata mara nyingi kila siku, kwa muda wa karibu miaka miwili. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi karibu 525. Watu wakashangaa, maana biashara haikuwa mbaya kiasi hicho. Hesabu iliporekebishwa, kipimo kiliruka hadi karibu 1,099. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao walijenga ukuta.

Kuna ufa wa aina nyingine ambao ni wa hatari zaidi kwa sababu mtu hakuuchagua. Tarakilishi nyingi huhesabu kwa namba za msingi wa mbili, zile za 0 na 1 tunazosoma katika somo la Tarakilishi. Sisi tunajua kwamba theluthi moja haiishi ukiiandika kwa desimali. Kwa tarakilishi, sehemu moja ya kumi, yaani 0.1, ndiyo isiyoisha. Inabidi ikatwe. Ndiyo sababu katika lugha kadhaa za programu ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Huo mkia umetoka wapi? Umetoka kwenye kukata. bc huhesabu kwa desimali kama wewe na mimi, kwa hiyo inakujibu .3 tu.

Mtasema huo mkia ni mdogo mno. Basi sikieni. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Iraki lilianguka katika kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudia, na wanajeshi 28 wakafa. Pale palikuwa na mtambo wa Patriot wa kudungua makombora, lakini haukurusha hata risasi. Saa ya mtambo huo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile 0.1 ilikuwa imekatwa. Kosa la kila mara lilikuwa kama sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi bila kuzimwa. Tuiulize bc:

100*60*60*10*0.000000095

Inajibu .342000000. Ni theluthi ya sekunde tu. Lakini kombora lile lilikuwa likienda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mtambo ulilitafuta mahali ambapo halipo, zaidi ya nusu kilomita kutoka njia yake. Watu 28 walikufa, na sababu ilianza na mkia wa hesabu.

Turudi darasani. Katika Kidato cha Tatu kuna mada ya makadirio na makosa. Wengi wetu huiona kama mada ya kupitisha wakati, tunakariri kanuni na kusubiri mtihani. Na bado tunatumia vitabu vya majedwali vinavyosema logi ya 2 ni 0.3010, na tunaambiwa tuchukue pai kuwa 22/7. Sivilaumu vitabu. Vinatosha kwa kazi yake. Lakini mwanafunzi anapaswa kuona kilichokatwa. Ukiifungua bc pamoja na maktaba yake ya hisabati, kwa kuandika bc -l, unaweza kuuliza l(2)/l(10), nayo inakuletea .3010299956639811 na kuendelea. Hapo ndipo unaelewa kwamba 0.3010 ya jedwali imepunjwa. Ukiuliza 4*a(1) unapata pai:

3.14159265358979323844

Linganisha na 22/7, ambayo ni 3.142857 na kuendelea. Tofauti inaanza tarakimu ya tatu tu baada ya nukta. Na kuna jambo tamu zaidi. Hata hilo jibu la bc lina kasoro mwishoni. Pai ya kweli pale mwisho ni 46, si 44, kwa sababu mashine ilikata kwanza na kuzidisha kwa nne baadaye. Dawa yake ni rahisi: ukitaka tarakimu ishirini za kutegemea, omba ishirini na tano, kisha ukadirie mwenyewe. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake ameielewa mada ya makosa kuliko yule aliyekariri kurasa kumi.

Naye mwanafunzi wa somo la Tarakilishi hakusahauliwa. Ukiandika obase=2, kila jibu linatoka kwa msingi wa mbili; andika 45 na utaona 101101. Ukiandika obase=16, 255 inakuwa FF. Unaweza kusahihisha kazi yako ya ziada usiku bila kumsubiri mwalimu. Ila kuna mtego. Ukiandika ibase=2 ili uingize namba za msingi wa mbili, halafu ukitaka kurudi kwenye kumi uandike ibase=10, hurudi popote! Kwa msingi wa mbili, hiyo 10 yako ni mbili. Wengi hunaswa hapo wakidhani mashine imeharibika, kumbe mashine ndiyo imewaelewa sawasawa. Unaandika ibase=A, na mambo yanatulia.

Sasa nijibu wapinzani wangu, maana najua wapo.

Wa kwanza atasema: "Baraza la Mitihani haliruhusu tarakilishi katika chumba cha mtihani." Kweli kabisa. Katika karatasi ya Hisabati tunaruhusiwa majedwali na kikokotoo kisichotoa sauti wala kuandikiwa programu. Wala sijasema tuingie na bc mtihanini. Kwani jembe hukatazwa shambani kwa sababu haliingii kanisani? Tunajifunza nayo nje, tunaingia mtihanini na akili iliyonolewa.

Wa pili atasema: "Itawafanya wanafunzi wavivu." Mimi naona kinyume. Kikokotoo cha mfukoni ndicho kinachoruhusu uvivu, kwa sababu kinachagua kila kitu kwa niaba yako. bc haitembei mpaka uamue kikomo, mabano yako wapi, na nini kihesabiwe kwanza. Ukisahau kikomo inakuaibisha papo hapo, kama nitakavyoonyesha.

Wa tatu atasema: "Hiki ni kitu cha kizamani, kioo cheusi kama usiku." Uzee si ugonjwa. Lugha hii imo katika viwango vya POSIX, kwa hiyo uliyoyajifunza kwenye mashine moja yanakufuata kwenye nyingine. Haihitaji mashine ya bei ghali, haihitaji intaneti wala bando. Tarakilishi kuukuu ambayo haiwezi kufungua picha bila kukohoa inaiendesha bc bila taabu, mradi umeme upo. Kwa shule ambayo si kila mzazi anaweza kununua kikokotoo cha kisayansi kwa kila mtoto, kitu cha bure si cha kudharauliwa.

Kuna wa nne, na huyu ni wa chama chetu. Atauliza, "Haya ya tarakilishi yanaingiaje katika gazeti la Kiswahili? Si uyapeleke kwa chama cha Hisabati?" Ndugu yangu, Kiswahili si mgeni katika hesabu. Neno letu sifuri limetoka katika Kiarabu, na neno lile lile la Kiarabu ndilo lililowapa Wazungu jina lao la sifuri. Tanzania watoto wa shule za msingi za serikali husoma Hisabati kwa Kiswahili, na hesabu zao hazijawahi kukataa kutoka. Na bc ya GNU inakubali majina yoyote utakayotunga, mradi yaanze kwa herufi na yawe ya herufi ndogo. Maneno yake machache ya amri ni ya Kiingereza, lakini mengine yote yanaweza kuwa yetu. Tazameni kanuni hii ya mkopo wenye riba inayozaa riba kila mwaka:

scale=10
define deni(mkopo,asilimia,miaka) {
return (mkopo*(1+asilimia/100)^miaka)
}
deni(20000,12,3)

Mtu yeyote wa Mweiga anayesoma Kiswahili anaweza kuona kinachofanyika hapo. Mkopo wa shilingi 20,000 kwa riba ya asilimia 12, baada ya miaka mitatu, ni shilingi 28,098 na senti 56. Sasa futa ule mstari wa scale=10 uone maajabu. Mashine itagawanya 12 kwa 100, ipate sifuri nzima, na kukuambia kwamba deni lako ni 20,000 tu. Mkopo usio na riba! Jameni, sote tungependa benki ya namna hiyo. Lakini anayekudai hatumii kikomo cha sifuri, na siku ya kulipa utalia. Mwanafunzi aliyelicheka kosa hilo kwenye maabara hatalipia kosa hilo maishani.

Kwa hiyo, nina mapendekezo matatu kwa uongozi wa shule na wa vyama.

Kwanza, bc iwekwe katika tarakilishi zote za maabara. Mashine nyingi zinazotumia Linux huwa nayo tayari, na isipokuwepo huongezwa bure. Sisi wa kutwa tunatoka jioni mapema, kwa hiyo tutengewe saa moja ya mchana kila wiki, baada ya chakula.

Pili, Chama cha Kiswahili na chama cha Hisabati vishirikiane, vitunge kanuni zenye majina ya Kiswahili kwa mambo ya nyumbani kwetu: malipo ya maziwa, mgao wa kahawa, akiba ya chama cha kina mama, mkopo wa mbolea. Zikishajaribiwa zibandikwe ukutani, ili kila anayepita azione. Na kama kuna mwenye neno bora kuliko kikomo kwa ajili ya scale, alilete tulijadili. Huko ndiko kuikuza lugha. Si kukariri misamiati ya maua tu.

Tatu, tuanze desturi kwamba hakuna jibu la kugawanya litakalokubaliwa daftarini bila kuandikwa limekatwa tarakimu ya ngapi. Ni alama moja tu pembeni. Lakini alama hiyo ndiyo itakayotuzoesha kuuliza.

Wengi wetu hatutakuwa wahandisi wa mitambo. Wengi tutakuwa wakulima, wachuuzi, makarani wa ushirika, waweka hazina wa vyama, walimu. Siku moja utakuwa wewe unayesoma namba mbele ya wazee walioketi kwenye nyasi wakisubiri malipo yao, au utakuwa mmoja wa walioketi. Ukiwa unayesoma, uwaambie umekatia wapi kabla hawajakuuliza. Ukiwa umeketi, inua mkono uulize. Wakikuambia ni mashine imesema, waambie kwamba mashine hukata pale inapoambiwa, na uulize ni nani aliyeiambia.